Jinsi ya Kumkumbuka Askari Wetu Bila ya Kulazimika Kuvisifu Vita

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao aliyevaa sare, akaondoka na hakurudi. Yuko aliyekufa katika vita vya Kagera, yuko aliyekufa Darfur au Kongo akiwa na kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, na ukirudi nyuma zaidi yuko babu wa babu aliyebebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza huko bara, ambaye hata kaburi lake halijulikani. Siku ya kumkumbuka ikifika, watu hukaa juu ya mkeka mmoja na fikra mbalimbali: mmoja anaona fahari, mwengine bado anauliza kijana wetu alikwenda kutafuta nini huko, na wa tatu ana yake aliyoyaona kwa askari na hapendi kuyasema. Mwongozo huu ni wa yule ambaye ukoo umemkabidhi kazi ya kuandaa kumbukumbu hiyo, naye mwenyewe huenda moyo wake haujatulia kuhusu vita vilivyomchukua ndugu yake.

Rai yangu ni kwamba shughuli za namna hii huharibika pale vita vinapochukua nafasi ya marehemu. Akija msemaji mwenye kuvisifu, marehemu hugeuzwa mfano wa ushujaa. Akija mwenye kuvilaani, marehemu hugeuzwa mfano wa uonevu. Na yule mtu aliyezaliwa hapa mtaani, aliyejulikana kwa jina lake na kwa kicheko chake, hatajwi na yeyote kati yao. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mwandalizi ni kumrejesha mtu huyo mahali pake, na kazi ya pili ni kuvieleza vita kwa maneno machache yaliyo kweli, ili kila mmoja abaki na rai yake bila ya kumvunjia mwengine heshima.

Kusanya habari za mtu kabla ya habari za vita

Anza wiki kadhaa kabla, ukiwa na daftari. Waendee watu mmoja mmoja, kwa sababu mama akiwa amekaa pamoja na kaka zake marehemu mara nyingi huwaachia wao kusema, ilhali yeye ndiye mwenye habari ambazo hakuna mwengine anazo. Uliza jina kamili mpaka la babu, mtaa na shehia aliyozaliwa, chuo alichosomea Qur'ani na maalimu wake, skuli, timu aliyochezea, kazi alizofanya kabla ya jeshi, sababu iliyompeleka jeshini, kikosi chake, mahali alipofia na mahali alipozikwa. Kisha uliza yale madogo, na hapo usiwe na haraka. Bi mkubwa akikwambia kwamba kijana alikuwa hagusi pweza mpaka akamuliwe ndimu, au kwamba kila akija likizo alikuwa akipanda juu ya paa kuziba mabati yanayovuja kabla hata hajala, andika kama alivyosema. Sentensi hiyo moja, siku ya kisomo, itamfanya aliyekuwa hamjui amjue.

Swali la sababu ya kujiunga lina uzito wake. Wapo walioingia jeshini kwa kuipenda nchi, wapo walioingia kwa sababu ajira nyengine haikupatikana, na katika Vita Vikuu vya Kwanza wapo waliochukuliwa kwa nguvu. Usiibadilishe sababu ili ipendeze masikioni. Mtu aliyeingia jeshini kwa kutafuta riziki ya wazazi wake hapungukiwi na heshima yoyote, na familia inayoambiwa kila mwaka kwamba mtoto wao alikuwa na kiu ya kuifia nchi, huku wao wanajua kwamba alikuwa akitafuta pesa za kumalizia nyumba ya mama yake, huona kwamba anayeombewa hapo ni mtu mwengine kabisa.

Hadithi za matendo ya vitani zipokee kwa tahadhari. Habari ya kwamba aliangusha maadui kadha wa kadha peke yake, ikiwa haikutoka kwa mtu aliyekuwapo, iache. Na hata ikiwa imetoka kwa aliyekuwapo, fikiri kwanza kama mama yake anataka kuisikia mbele za watu.

Barua, medali na picha nazo zina matunzo yake, kwa sababu hewa ya chumvi na mchwa wa kwetu havina huruma na karatasi. Piga picha kila waraka kwa simu, mbele na nyuma, upeleke nakala kwa ndugu wasiopungua wawili, kisha asili yake uitie katika bahasha ya karatasi ndani ya sanduku la bati. Mfuko wa plastiki huzuia unyevu usitoke. Anayetafuta habari za enzi ya ukoloni anaweza kuanzia Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, mjini Unguja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola pia ina orodha inayotafutwa bure kwenye intaneti, lakini uiendee ukijua kwamba makarani wa Kiingereza waliyaandika majina yetu kila mmoja kwa sikio lake, na kwa hivyo jina moja inafaa ulitafute kwa tahajia kadhaa. Ukikosa usidhani kwamba babu yako hakwenda. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au huenda hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Vieleze vita kwa ufupi na kwa ukweli

Hapa ndipo mwandalizi anapojikwaa, kwa kuwa kila vita vina upande wa kutetewa na upande wa kuulizwa, na anayeutaja upande mmoja tu huwa amekwisha kuwagawa waliokuja.

Chukua vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua raia, yakapora ng'ombe na kuivunja daraja ya Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, na mgambo wakaitwa kuungana na wanajeshi. Mvamizi alitolewa, jeshi likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Hata mtu anayechukia vita atakubali kwamba kumtoa mvamizi katika ardhi yako ni haki. Wazee wetu walipokhitilafiana ni baada ya mpaka, pale vita vya kujihami vilipogeuka vita vya kuiondoa serikali ya nchi nyengine, na wananchi wakatakiwa wakaze mikanda kwa miezi 18, nao wakaikaza kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Sentensi inayoyachukua yote mawili inawezekana: alikufa katika vita vilivyoanza kwa kuvamiwa nchi yetu na vikamalizikia ndani ya nchi ya jirani. Hiyo haimtukani marehemu wala haimzibi mdomo mwenye swali, na mwandalizi anaweza kuisoma mbele ya ofisa wa jeshi na mbele ya mpinzani wa vita bila ya kubadilisha neno.

Walinzi wa amani wana mtihani wao. Tarehe 13 Julai 2013 wanajeshi saba wa Tanzania waliuawa katika shambulio la kuviziwa huko Darfur Kusini. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, katika eneo la Beni mashariki ya Kongo, ilishambuliwa kwa saa nyingi, na wanajeshi wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa, wakiwamo watoto wa Visiwani. Katika misiba kama hiyo jirani huuliza: walikwenda kulinda amani, imekuwaje wakapigana? Jibu la kweli ni kwamba azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013, liliunda kikosi maalumu cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi na kukipa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha, si kukaa na kutazama. Mtu anaweza kuona kwamba hilo lilikuwa jema kwa raia wa Kongo waliokuwa wakichinjwa vijijini, na mwengine akaona kwamba si kazi ya watoto wetu. Mwandalizi ataje ruhusa hiyo kama ilivyokuwa na aishie hapo.

Vita vya zamani vina wepesi kwa kuwa jeraha ni kavu, na vina uzito kwa kuwa waliokufa walipigania bendera isiyokuwa yao. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika ya Mashariki vya 1914 hadi 1918, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wakitajwa na wasitajwe kama watu walioipigania dola ya Kiingereza kwa mapenzi. Watajwe kama watu waliobeba unga na risasi kichwani na kuishia njiani.

Kwa Pemba kuna jambo ambalo mwandalizi hawezi kulikwepa. Mwezi wa Januari 2001 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani Unguja na Pemba, watu zaidi ya 30 wakauawa, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Zipo familia ambazo leo zina kijana aliyekufa ugenini akiwa na sare ya nchi, na pia zina ndugu au jirani aliyekufa mbele ya watu wenye sare. Mtu wa namna hiyo usimtake aiheshimu sare. Mwalike kwa ujamaa, kwamba anakuja kumuombea mtoto wa fulani aliyecheza naye, na kama utaweka picha ya marehemu akiwa na kombati, weka na nyengine akiwa na kanzu, tena hiyo ya kanzu iwe ndiyo iliyo karibu na mlango. Naijua hoja ya wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kulionea haya jeshi. Siikubali, kwa sababu marehemu alivaa zote mbili.

Khitma, au dua bila ya khitma

Kwa wengi wetu kumbukumbu ni khitma. Chagua siku pamoja na wazazi na mjane, si pamoja na ofisi, na muda unaofaa zaidi ni baada ya sala ya Alasiri, ili watu wapate kusoma kwa utulivu na kumaliza kabla ya Magharibi. Juzuu 30 zigawiwe kwa wasomaji, na zikipungua watu basi wawili watatu warudie. Wanawake wawe na kisomo chao ndani, na wao pia wapewe nakala ya habari za marehemu, jambo ambalo hupuuzwa ingawa kwa kawaida ndio wanaozijua zaidi. Ubani, kahawa, tende na halua vinatosha. Pilau ni hiari ya mwenye uwezo, na mwandalizi amlinde mjane na deni la chakula cha wageni.

Si kila nyumba inakubali khitma. Wapo ndugu zetu wanaoona kwamba haina asili, na katika ukoo mmoja unaweza kuwa na wa rai hizi mbili. Wakiwa hivyo, fanya linalowaunganisha: dua fupi baada ya sala, sadaka kwa jina la marehemu, au kisima na tangi la maji msikitini. Mabishano ya khitma yasije yakaongezwa juu ya mabishano ya vita.

Sehemu yenye uzito kuliko zote ni karatasi ya majina anayopewa maalimu kabla ya dua. Iandike kwa herufi kubwa, jina la mtu na la baba yake. Chini ya jina la marehemu wetu andika wenzake waliofariki pamoja naye, kwa majina kama mnayajua, na chini yao andika: na raia wote waliouawa katika vita hivyo. Mstari huo wa mwisho hufanya kazi ambayo hotuba haiwezi kuifanya. Mwenye fahari anasema amina, mwenye uchungu na vita anasema amina, na hakuna aliyelazimika kuhama pale alipo. Wenzake Wakristo watajwe kwa wema na familia zao ziombewe subira. Wakiwa wanafikika, waalikwe nao waje wakae na wafiwa.

Maiti ikiwa imezikwa mbali au haikupatikana, muulize sheikh wa mtaa mapema kuhusu sala ya ghaibu. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, huiruhusu. Na msemaji asije akatangaza kwamba marehemu ni shahidi. Masheikh wengi hutahadharisha juu ya kuhukumu hivyo kwa mtu maalumu, kwani nia iliyokuwa moyoni mwake anaijua Mola wake. Tuseme tunataraji, na tumuombee daraja hiyo. Tahadhari hii ya dini, kwa bahati njema, inamsaidia pia yule ambaye hakuviona vita vile kuwa vya haki.

Familia za Kikristo zina misa ya marehemu, na makanisa ya Mkunazini na Minara Miwili yanajulikana na kila mtu. Wanaofuata desturi ya Waingereza hukumbuka Jumapili iliyo karibu na 11 Novemba, siku iliyosimamisha vita Ulaya mwaka 1918. Kwetu upande huu wa dunia vita viliendelea wiki mbili zaidi, kwa kuwa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck na askari wake waliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba.

Maneno ya kusema

Msemaji awe mmoja, na asome badala ya kubuni papo hapo. Dakika tano zinatosha. Mpangilio ufuao unaweza kujazwa na kila ukoo kwa habari zake:

Tumekutana kumuombea mtoto wetu fulani bin fulani, aliyezaliwa mtaa huu. Alisoma chuo kwa maalimu fulani, alicheza mpira, alijifunza useremala kwa ami yake, kisha akaingia jeshini kwa sababu alitaka kuwasaidia wazazi wake. Alifariki ugenini wakati kambi yao iliposhambuliwa, naye alikuwa zamu. Katika sisi kuna wanaoona kwamba safari ile ilikuwa ya lazima na kuna wasioona hivyo. Hapana asiyejua kwamba yeye aliitekeleza kazi aliyopewa, na kwamba nyumba hii imepungua. Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu, awape subira wazazi wake, mjane wake na wanawe, na azirehemu roho zote zilizopotea katika vita vile.

Sentensi ya kukiri kwamba rai zimekhitilafiana baadhi ya watu hupenda kuiondoa, wakiona kwamba si adabu mbele ya wafiwa. Mimi naona ibaki, madhali wazazi wameisoma kabla na wameiridhia, kwa sababu kisichosemwa na msemaji hunong'onwa na waliokaa nyuma. Wazazi wakiikataa, itolewe bila ya mjadala.

Akija kiongozi au ofisa na akataka kusema, apewe nafasi kabla ya dua na si baada yake, na aombwe kwa heshima azungumze juu ya utumishi wa marehemu kikosini. Maofisa wengi waliokuwa na vijana wao vitani hulifahamu ombi hili haraka kuliko wanasiasa.

Na mabishano yakizuka barazani? Usijibu hoja kwa hoja. Ami akisimama na kusema kwamba vijana wetu wanapelekwa kufa kwa mambo ya watu, mdogo wake au mtoto wake amkaribie na kumwambia kwa sauti ya chini: "Ami, maneno yako tumeyasikia na yana mahali pake. Kesho baada ya Laasiri tutakaa barazani tuyazungumze. Sasa tumpe nafasi maalimu akamilishe dua." Ahadi hiyo itekelezwe. Aliyeahidiwa kusikilizwa kesho na hakusikilizwa, mwaka ujao hatangojea.

Siku ya taifa, makaburi ya mbali na makaburi ya wengine

Siku ya Mashujaa ni tarehe 25 Julai. Rais na viongozi huweka kwenye mnara shada la maua na silaha za asili, mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na shoka. Tarumbeta hupigwa na viongozi wa dini huomba dua. Familia isiyopenda gwaride haina dhambi kwa kutokwenda, na inayokwenda isionekane kwamba imetia saini kila vita vilivyopiganwa. Wengine hupata nafuu kwa kuitazama kwenye televisheni nyumbani, mama akiwa na tasbihi yake, wakazima wakati wa hotuba. Ni utaratibu mzuri.

Anayetaka kuzuru kaburi la mtu wake wa vita vya Kagera huenda akatakiwa asafiri mpaka Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, ambako jeshi lina makaburi ya waliofia vita hivyo. Ni safari ndefu kwa mzee kutoka Pemba, na ukoo uchangie nauli ya mtu mmoja mwenye afya aende kwa niaba ya wote, apige picha jiwe na maandishi yake, na aje asimulie.

Lakini kuna ziara iliyo karibu ambayo naipendekeza hata kwa nyumba isiyokuwa na askari. Vuka kwa boti kutoka mjini mpaka Chapwani, kisiwa ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Makaburi. Humo wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na manowari ya Kijerumani Königsberg, wakati Pegasus ilipokuwa imetia nanga hapa bandarini kwa matengenezo. Walikufa watu 38. Soma majina na vyeo vyao, kisha fikiri kwamba watu hao walikufa katika maji ya watu ambao hawakuulizwa kama wanavitaka vita hivyo. Unaweza kuwasikitikia bila ya kuusamehe ukoloni uliowaleta. Königsberg nayo iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, na leo mzinga wake mmoja na mmoja wa Pegasus imewekwa pamoja Fort Jesus, Mombasa, watoto wakiipanda kupiga picha.

Ukirudi, shuka Forodhani na utazame upande wa Beit el-Ajaib na kasri iliyo jirani yake. Baina ya majumba hayo lilikuwapo jengo la Beit al-Hukm, lililobomolewa kwa mizinga ya Waingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Upande wa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshika usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500, walinzi, watumishi na watumwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Kijerumani na akaishi mpaka 1927. Waliobaki chini ya vifusi hawakuwa na pa kukimbilia, na wengi wao hatuyajui majina yao. Kila jioni tunakula urojo na mishikaki hatua chache kutoka hapo. Sisemi tuache kula. Nasema anayewaleta watoto hapo awaambie, kwa sababu mtoto aliyesimama Chapwani mbele ya mawe yenye majina na akasimama Forodhani mahali pasipo majina atauliza mwenyewe swali linalohitajika.

Waliorudi, na watoto wanaouliza

Mzee aliyerudi hai kutoka Kagera, au kijana aliyerudi kutoka Kongo, hukaa kwenye shughuli hizi akiwa na mzigo ambao hatuuoni. Mkalishe karibu na mlango ili akitaka kutoka atoke bila ya kupita mbele za watu. Usimsimamishe aseme bila ya kumuomba siku kadhaa kabla. Kamwe asiulizwe ameua wangapi, na vijana waonywe mapema, kwani ndilo swali lao la kwanza. Ukitaka kumsikiliza, muulize walikuwa wakila nini, nani alikuwa akiwachekesha, barua zilikuwa zikifika vipi. Ya uzito akitaka atayasema mwenyewe, na akiyasema yasirekodiwe kwa simu mpaka atoe ruhusa.

Watoto wajibiwe kwa kadiri ya umri wao na wasidanganywe. Mtoto wa marehemu akiuliza kama baba yake aliua mtu, na mama hajui, jibu ni kwamba hatujui, kwamba baba alikuwa katika kazi ambayo jambo hilo linaweza kutokea, na kwamba yeye anaweza kumpenda baba yake na asiipende kazi hiyo. Akiwa mkubwa na akataka kuingia jeshini, au akataka kusema hadharani kwamba hatoshika bunduki, wote wawili wapewe daftari lile lile walisome kabla hawajaamua.

Daftari hilo lisikae kwa mwandalizi peke yake. Mwisho wa shughuli, mbele ya wazazi, likabidhiwe mtu wa pili wa ukoo, liandikwe tarehe, waliohudhuria, habari mpya zilizopatikana na majina ya wenzake marehemu yaliyoongezeka. Kisha likubaliwe siku hiyo hiyo nani atamwendea mjane mwezi ujao kuuliza kama mafao na mirathi yamefika, na kama hayakufika, nani ataandamana naye mpaka kwenye ofisi inayohusika na kwa Kadhi.